Nyasi Alizolaza Pankras

Mwaka watu wa maoni ya Katiba walipofika Mbinga, mimi nilikuwa kibarua wa palizi kwenye kahawa ya Kunigunda, mjane wa Urban. Nilikuwa nimepanda kutoka Lituhi baada ya kuchoka na ziwa, kama ninavyochoka na kila mahali.

Umatengoni mume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba mteremkoni. Mke huchimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Hizo ndizo ngoro. Asubuhi moja tukakuta shamba zima la maharage la Kunigunda limelazwa nyasi. Ni kazi ya Pankras, shemeji yake, ndugu wa marehemu Urban, mwenye mke wa ndoa ya kanisa. Kila mtu alijua maana yake. Kunigunda akichimba, amekubali kurithiwa. Asipochimba, atachimba Vitalia, mke wa Pankras, na shamba litakwenda pamoja na kahawa yake.

Kunigunda akajifunga kitenge akaenda kwenye mkutano wa maoni ya Katiba. Wanaume walibishana sana juu ya usawa wa mume na mke. Mmoja akauliza, wote wakiwa sawa kwenye Katiba, ugali atasonga nani? Watu wakacheka. Pankras akasema yeye hamfukuzi shemeji yake, anamtunza. Ndipo Kunigunda akasimama.

“Shikamooni, wazee. Ndugu mgeni, hilo neno likiandikwa, nitabaki na shamba langu bila kulala na shemeji?”

Afisa wa Katiba, kijana wa mikoa ya mbali, akamweleza kwa upole kwamba hayo bado ni maoni. Yatapelekwa juu, kisha Bunge litakaa.

“Sawa, baba. Lakini maharage hupandwa kabla mvua hazijakatika.”

Afisa akaandika daftarini, akamwita msemaji mwingine.

Wiki ile Kunigunda alichukua jembe, akachimba. Padri akamzuia komunyo, maana sasa anaishi na mume wa mtu. Mimi nikashuka zangu Mbamba Bay.

Nilipopanda tena, redio ilikuwa imeshatangaza: Katiba sasa inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake. Nikamfuata Kunigunda kanisani Jumapili. Alikuwa benchi la nyuma, amepakata mtoto mchanga wa Pankras. Nikamnong'oneza habari.

“Imepita lini?”

“Mwaka huu huu, mama.”

Akamfunika mtoto miguu. Kisha akaniuliza kama itamfaa Rosa, binti yake wa marehemu Urban. Nikasema nadhani itamfaa.

“Mungu asaidie,” akasema.

Watu wakainuka kwenda kukomunika. Akasogeza magoti pembeni, wapite.