Kisogo cha Waziri

Moinaecha alikuwa anachagua mchele sebuleni kwake Ambanoro, kisiwani Nosy Be, pale mtawala Mfaransa alipoingia na buti zake. Ukutani, ndani ya picha yake, Bakoko, babu mkuu wa ukoo, akamgeuzia kisogo. Picha hiyo ilichorwa na baharia mmoja zamani, Bakoko alipokuwa waziri wa malkia wa Boina, na ndivyo alivyomfanyia kila aliyeingia na viatu. Mgeni akivua, Bakoko aligeuka tena, maongezi yakaendelea.

Mtawala hakuvua. Aliipenda picha, akaitoa msumarini, akaipeleka Mahajanga kwenye maonyesho ya serikali. Hakuomba, wala hakujisumbua kujifanya ameomba.

Moinaecha akapanda meli, akafikia kwa binamu yake katika mtaa wa Mangarivotra, na asubuhi akaenda kwenye ukumbi wa maonyesho. Makubadhi yake aliyaacha mlangoni. Bakoko bado alikuwa amewapa watu kisogo, maana ukumbi mzima ulikuwa buti tupu. Abdou, mkalimani, alimsomea kibao kwa aibu: "Mfanyabiashara Mwarabu. Zawadi ya wenyeji wa Nosy Be."

"Zawadi?" akauliza Moinaecha. "Katoa nani?"

Mtawala naye alikuwa na shida yake. Gavana alikuwa njiani kuja kufungua maonyesho, na picha imegoma. Wameilaza ubavu, wameipindua, wamebadili taa, wapi! Akasema Kifaransa kirefu, Abdou akakifupisha.

"Mama, anasema umwambie mzee ageuke. Akigeuka, maonyesho yakiisha unarudi naye nyumbani."

"Mwambie avue viatu."

Mtawala akacheka. Akasema hawezi kuvua buti kwa ajili ya picha ya mwenyeji. Hilo Abdou hakulitafsiri, na Moinaecha hakulihitaji.

Alitamani mno kurudi naye. Ule ukuta mtupu kule Ambanoro ulimuuma kama pengo la jino. Neno moja lingetosha, kwani Bakoko hakuwahi kumkatalia kitu. Akasogea. Hakuwahi kukitazama kisogo hicho kwa karibu: shingo nene, kilemba kilichokaa sawasawa, mabega yasiyoinama.

"Bakoko," akasema kwa Kimalagasi, kwa sauti, hadi wafagizi wakasikia, "kaa hivyo hivyo."

Akavaa makubadhi yake, akaenda zake.

Gavana alitoa hotuba yake mbele ya kisogo, akapigiwa makofi. Baadaye kibao kilibadilishwa, kwa kuwa serikali ilipenda usahihi: "Mfanyabiashara Mwarabu aliyegeuka. Zawadi ya wenyeji wa Nosy Be."