Kompyuta Iliyokuwa Inazimia

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kitaa chekundu cha tivii ya ukutani. Kila kompyuta ilipozimia, kitaa kile kilikonyeza mara mbili, kisha kikatulia. Watu wote dukani walikuwa wanaitazama kompyuta. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nafuta sakafu, na ukiwa chini unauona ukuta kuliko unavyoiona meza.

Neno hilo la kuzimia alilianzisha Evod, mchapaji wa shangazi yangu. Steshenari ya Shangazi Wilhelmina iko jirani na soko la Ifakara, na watu huja kutoa kopi, kuchapisha barua na kujaza maombi ya mtandaoni. Ugonjwa ulianza Jumatatu. Evod alikuwa akiandika neno la siri la kuingilia, anabonyeza, kioo kizima kinakuwa cheusi. Dakika inapita, ya pili inaanza, ndipo kinarudi kama vile hakuna kilichotokea. Na si wakati wa kuingia tu. Kila programu ilipotaka kuuliza kama inaruhusiwa kufanya jambo fulani, giza lilitangulia, swali likaja baadaye.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya maombi ya vyuo. Mtandao ulikuwa unatuma namba kwenye simu ya mwombaji, na namba zile hazikai muda mrefu. Kioo kilipokuwa kinarudi, namba zimeshakufa. Binti mmoja wa Kisawasawa alirudia mara tatu, baba yake amesimama nyuma yake na kofia mkononi.

"Kijana," mzee akamuuliza Evod, "hii mashine inasali kabla ya kula?"

"Inafumba macho tu, mzee. Ikisema amina tunaendelea."

Benchi zima likacheka. Shangazi hakucheka.

Evod alijaribu kila alichokijua. Alifungua ubavu wa kompyuta akapuliza vumbi. Alifuta nyimbo zake zote, za kwaya na za disko. Alikwenda kwa rafiki yake akaja na dawa ya virusi kwenye flashi, lakini dawa ile ili iingie ilibidi kompyuta iulizwe kama inairuhusu, na ikiulizwa inazimia. Akaleta nyingine, ikawa hivyo hivyo. Kila dawa ilikuwa inabisha hodi kwenye mlango uleule uliokwama.

Shangazi akamwambia mashine alimkabidhi ikiwa nzima, na kwamba virusi haviji kwa miguu, vinaletwa na flashi za miziki. Akampa mpaka Ijumaa. Kama haijapona, akatafute kazi kwingine. Mke wa Evod, Dativa, alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue.

Sasa niseme habari ya waya.

Ile tivii ilitundikwa ukutani ili mteja aone jina lake linavyoandikwa, asije akafika chuoni anaitwa jina la mtu mwingine. Radi ya masika iliua picha, kikabaki kile kitaa chekundu. Evod alichomoa waya wake kwenye kompyuta akauacha nyuma ya kabati. Jumatatu ile asubuhi, Evod akiwa nje anapokea maboksi ya karatasi, nilisogeza kabati nikafagia. Waya ulikuwa unaning'inia na utando wa buibui juu yake. Shangazi hapendi nyaya zinazoning'inia. Nyuma ya kompyuta palikuwa na tundu la umbo lile lile la kichwa cha waya. Nikauchomeka. Uliingia vizuri kabisa, na mimi nikajisikia mtu.

Jumanne nilikiona kitaa kikikonyeza. Jumatano nikaelewa, polepole, kama mtu anayehesabu kwa vidole. Kompyuta ilikuwa inaiita tivii. Tivii ni mfu lakini inashtuka, na kompyuta inakaa gizani inasubiri kujibiwa. Kabla ya Jumatatu hakukuwa na waya, na hakukuwa na giza.

Mtu atauliza kwa nini sikusema. Mimi niliishia darasa la tano. Nyumbani kwetu Lupiro, mpunga ukianza kuchanua tunahamia shambani, tunakaa kwenye kibanda mpaka mavuno tukifukuza ndege. Kila niliporudi shuleni wenzangu walikuwa wameshafika mbali, na mwaka mmoja sikurudi tena. Shangazi ndiye aliyenichukua. Aliahidi kwamba Januari ataniingiza kwenye kozi ya kushona. Na siku ya kwanza kabisa aliniambia nisiguse chochote kwenye meza ya Evod. Yosefina, msichana aliyenitangulia, alijaribu kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa akavunja kijino cha ndani. Kesho yake alipandishwa gari akarudi kwao. Godoro ninalolalia lilikuwa lake.

Hata hivyo nilijaribu. Jumatano jioni tulikuwa jikoni.

"Shangazi."

"Ee."

"Chumvi imeisha."

Chumvi ilikuwepo, kopo zima. Alhamisi nikamwendea Evod nikasimama pembeni yake na fagio langu. Akanitazama akasema nikiendelea kusimama hapo nitaota mizizi. Nikacheka, nikaondoka. Kuuchomoa kimyakimya nako kulishindikana, kwa sababu kabati ni zito na lina kelele, na mchana kutwa Evod alikuwa amekaa palepale, miguu yake karibu iguse ule waya. Ufunguo wa duka alikuwa nao yeye. Nilikuwa nadeki mbele ya jibu, asubuhi na jioni, nikilizunguka.

Ijumaa saa tisa mbele ya wateja, kompyuta ilizimia kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na haraka. Mwalimu akachukua vyeti vyake akatoka. Shangazi akasimama. Hakupaza sauti.

"Evod, baba, nimevumilia. Weka ufunguo hapo mezani."

Evod alimwambia ampe Jumamosi moja tu. Shangazi akasema Jumamosi anakuja fundi. Evod akaweka ufunguo, akachukua kikombe chake cha chai, akatoka, akapanda baiskeli yake. Hakumtazama mtu.

Ufunguo ule shangazi alinipa mimi, nifungue kesho yake mapema nifanye usafi kabla fundi hajafika. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilikuwa peke yangu dukani kwa mara ya kwanza. Nikasukuma kabati, nikauchomoa waya. Nilidhani nimemwokoa Evod. Niliona mambo hivi: kompyuta itafunguka, shangazi atajua haikuwa imeharibika, atamwita arudi.

Shangazi alikuja saa mbili, akaandika neno la siri, akabonyeza. Kioo kikafunguka hapohapo. Akajaribu tena. Akaiita programu inayouliza ruhusa, swali likaja bila giza. Akanigeukia.

"Umeona, Sikitu? Kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa na miguu."

Fundi Gosbert alipofika alitafuta saa nzima asione kitu, akasema mara nyingine tatizo huwa ni mikono ya mtumiaji. Shangazi alipenda sana maneno hayo. Jumapili aliyarudia baada ya ibada, mbele ya watu, na mimi nimesimama nyuma yake nimemshikia mwavuli.

Jumatatu akapigiwa simu na Dionisi, mwenye steshenari nyingine upande wa hospitali. Evod alikuwa amekwenda kwake kuomba kazi, na Dionisi alitaka kujua kijana ni wa namna gani. Shangazi alitoka kizingitini kupata mtandao mzuri. Nilimsikia akisema hana chuki naye, lakini tangu aondoke kompyuta inafunguka kama mlango wa kanisa, Dionisi apime mwenyewe.

Sijui mikono yangu iliamua lini. Nilisukuma kabati, wateja wawili wananitazama, nikauchomeka tena ule waya. Kabati lilipiga kelele, na hakuna aliyeniuliza kitu. Ndiyo faida ya kuwa mtu wa kudeki.

Shangazi akarudi, akakaa, akaandika neno la siri. Giza. Alisubiri. Alibonyeza tena, kama tulivyokuwa tunamwona Evod akibonyeza.

"Mama, huyo kijana ameacha jini lake hapa?" mteja mmoja akasema.

Nikasikia sauti yangu, ndogo.

"Evod hayupo, shangazi."

Alinitazama kama vile kiti kimesema. Nikaenda nyuma ya kompyuta, nikauchomoa waya, nikaushika juu ili auone. Nikamwomba ajaribu. Akajaribu, ikafunguka.

"Nani aliuchomeka?"

"Mimi. Jumatatu ile ya kwanza. Niliona unaning'inia."

"Na umejua lini kwamba ndio huu?"

"Jumatano."

Nilingoja aniambie nikafunge mzigo wangu. Alikaa akiwa ameshika simu mapajani, wateja nao wakawa wanasoma matangazo ukutani. Mwisho akampigia Dionisi, akamwambia amemsema kijana wa watu vibaya, kisha akampigia Evod.

Evod alirudi Jumanne na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli, umetoka kwa Dativa, ni wangu. Shangazi alikuwa amemweleza kwamba mimi ndiye niliyechomeka waya bila kujua, na mimi ndiye niliyegundua. Ile Jumatano niliyoelewa hakuitaja. Sijui alinificha mimi au alijificha yeye. Evod hakukasirika hata kidogo. Aliwaambia wateja kuwa fundi wa Ifakara nzima ni huyu hapa na ndoo yake, na akaniambia mtoto wake akikua atamleta kwangu anishukuru. Tangu siku hiyo ananiita injinia, na kila anaponiita hivyo nainama kwenye ndoo.

Januari imepita. Habari ya kozi shangazi hajaigusa, nami sijaigusa. Tunasalimiana, tunapika, tunafungua duka. Mchana Evod hunifundisha kuandika jina langu kwa vitufe, taratibu, kidole kimoja kimoja, na siwezi kukataa, na siwezi kumtazama usoni.

Kaka Evod, nilijua tangu Jumatano. Na ile Ijumaa, ulipoweka ufunguo mezani, nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikala nikashiba, kwa sababu anayeondoka alikuwa wewe, si mimi.