Tumbo Lililohukumiwa kwa Simu

Dokta Leodegar hakuwa adui wa simu. Alikuwa nayo, na aliitumia kumwambia mkewe kwamba atachelewa, na mkewe aliitumia kumjibu kwamba anajua. Alichokataa ni kupima tumbo la mtoto kwa simu. Hospitali ilipogawa fomu ya kuwauliza madaktari wa upasuaji wanaonaje kuhusu kuwahudumia watoto kwa njia ya video, aliweka alama kwenye "sikubali kabisa" kwa kila swali, likiwemo lile lililouliza kama anafanya kazi katika hospitali hii.

Sababu alikuwa nayo, ila hakupenda kuisimulia. Miaka ishirini na mbili nyuma, katika hospitali moja ya mikoani, mwenzake alimpigia akamwambia kwamba tumbo la mtoto anayeletwa limekaza kama ubao. Leodegar akaandaa chumba, mtoto akafika, akapelekwa moja kwa moja mezani, tumbo likafunguliwa. Ndani hamkuwa na kitu. Mtoto alibaki na kovu la bure, na Leodegar akabaki na kanuni: chumba cha upasuaji hakiandaliwi kwa tumbo ambalo mkono wake haujaligusa. Sista Vaileth, msimamizi wa chumba hicho, aliwaeleza wafanyakazi wapya kanuni hiyo siku ya kwanza, pamoja na mahali pa kuweka viatu.

Shughuli ya video aliiendesha Dokta Lusungu, binti aliyekuwa na subira na mitambo. Lakini Alhamisi ile Lusungu alikuwa Arusha kwenye mtihani, na saa nne asubuhi zahanati moja ya Chamazi ikapiga. Leodegar akaketi mbele ya kioo kama mtu aliyeitwa serikali ya mtaa.

"Praygod hapa, dokta. Tabibu wa zamu. Shikamoo."

"Marahaba. Praygod, naona feni."

"Samahani, dokta." Picha ikashuka.

"Sasa naona pua."

"Ndiyo yangu, dokta. Nageuza."

Hatimaye akaonekana mtoto. Jina lake Yumna, umri wake miezi minane. Alianza kulia alfajiri. Alikuwa akilia kwa nguvu huku amekunja miguu, kisha ananyamaza kabisa kama aliyesahau alichokuwa akililia, kisha anaanza upya. Alikwisha kutapika mara nne, na kinyesi chake cha mwisho kilikuwa kamasi na damu.

Leodegar akakaa sawa kitini. Kuna ugonjwa wa watoto wa umri ule ambapo utumbo huingia ndani ya utumbo, kama mkono wa fulana iliyovuliwa kwa pupa ukabaki umegeukia ndani. Ukikaa hivyo damu haipiti. Damu isipopita kipande kile hufa, na mtoto hukifuata. Tangu alfajiri zilikwisha kupita saa tano nzima. Lakini watoto wenye kuhara damu nao hulia na kutapika, na kila wiki aliwaona kumi. Kilichowatenganisha ni uvimbe, na uvimbe hutafutwa kwa mkono.

"Shika tumbo, Praygod. Unakuta nini?"

"Ni laini, dokta. Halafu akilia linakuwa gumu."

"Uvimbe je?"

"Sijaukuta."

"Hujaukuta, au haupo?"

Praygod akafikiri. "Vyote viwili, dokta."

"Mtundikie dripu, mmlete. Nitamgusa mwenyewe."

Sista Vaileth alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. "Kutoka Chamazi, na barabara ya Mbagala inavyochimbwa, ni mwendo wa saa mbili na zaidi," alisema. "Twalib wa dawa za usingizi anatoka saa nane, na wa kumpokea amefiwa, haji mpaka usiku. Na Dokta Fredrick ana mgonjwa wake wa ngiri yuko kwenye benchi. Nikimpa chumba, hakitakuwa wazi tena mpaka saa kumi. Nimpe, au nikiandae kwa huyo mtoto?"

"Kanuni yangu unaijua, sista."

"Mie naijua. Sijui kama yenyewe inajua saa."

Kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima: "Mwambieni kuna kitu! Huyu kijana anamshika mtoto kama anapapasa nyanya sokoni."

"Nani huyo?" akauliza Leodegar.

"Bibi yake, dokta. Bi Thuraya. Amekuwa akimchua tumbo tangu alfajiri kwa mafuta ya nazi. Nimeshamkataza."

Leodegar akafumba macho. Katika kazi yake yote hakuna jambo alilolipiga vita kama kuchua matumbo ya watoto. Kliniki yake ilikuwa na bango juu ya jambo hilo, aliloliandika kwa mkono wake na kulipigia mistari. Akatazama saa ya ukutani. Akamtazama Vaileth, ambaye kalamu yake ilikuwa tayari juu ya jina la Fredrick.

"Mpe simu," akasema.

Kioo kikajaa uso wa mwanamke mwenye mtandio wa kijani na wanja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ingawa una mvi kunishinda. Ndiye wewe daktari usiyetaka tuchue?"

"Ndiye mimi. Yumna unamchua kila siku?"

"Kila siku, toka arobaini yake. Kama nilivyomchua Muhdhar baba yake, na huyo ana maduka mawili na tumbo kubwa, hajapata kuumwa."

"Leo umekuta nini ambacho jana hakikuwepo?"

Bi Thuraya akaikabidhi simu kwa Praygod, akampaka mtoto mafuta, akangoja kilio kipite. Kisha mkono wake ukateremka juu ya tumbo, bapa la vidole, bila haraka. Leodegar alijikuta ameinama kuelekea kioo.

"Hapa juu, chini ya ubavu wa kulia, pana kitu mfano wa kindizi kichanga. Ukikigusa kinajikaza. Jana hakikuwepo."

"Endelea."

"Na hapa chini, kulia vilevile." Vidole vikashuka kuelekea nyonga. "Hapa pako patupu. Kila siku pana kitu chake kinachonguruma, leo pamekuwa kama chumba mpangaji amehama."

Habari ya mahali pale patupu, utumbo unapovutwa juu na kupaacha, Leodegar aliisoma chuoni, aliwafundisha wanafunzi kwa miaka mingi, na wengi wao walikuwa hawajaipata hata kwa mtoto aliyewekwa mbele yao. Praygod hakuwa ameitaja. Ukweli ni kwamba yeye Leodegar hakuwa ameiuliza.

"Bibi, acha kuchua sasa hivi. Muhdhar ana gari?"

"Ana pikapu ya dukani."

"Mleteni. Mtoto asile kitu." Akageuka. "Sista, andaa chumba."

Vaileth hakusogea. "Kwa tumbo gani?"

"La Yumna."

"Ambalo umeligusa lini?"

"Andaa chumba, Vaileth."

Pikapu ilifika saa saba na dakika ishirini. Leodegar aliwapokea kwenye korido, akapasha mikono joto kwa kuisugua, akaiweka juu ya tumbo. Yumna akalia. Tumbo likakaza. Leodegar akangoja, akajaribu tena, mtoto akalia zaidi. Mkono wake, ule alioutegemea miaka thelathini, ulikuwa umekuta ubao.

Twalib alichungulia saa yake kwa adabu, kama mtu anayetazama kama ina vumbi.

"Umekipata?" akauliza Bi Thuraya.

"Hapana."

"Hukukipata, au hakipo?" Alikwisha kumsikia akimuuliza Praygod hivyo asubuhi, naye hakuwa mtu wa kuacha neno zuri lipotee.

Leodegar aliuona tena moyoni mwake ule mpasuko wa bure wa miaka ishirini na mbili iliyopita, na mama wa mtoto yule akiuliza walichokitoa. Akamtazama Yumna, ambaye sasa alikuwa amenyamaza, mweupe midomo. Kisha akaitazama mikono ya Bi Thuraya, iliyokuwa bado inang'aa mafuta.

"Bibi, una hakika?"

"Daktari, mie silijui tumbo lako. Hili nalijua."

"Muingizeni," akasema.

Mtoto alipolala usingizi wa dawa, tumbo lililegea, na Leodegar akapeleka mkono chini ya ubavu wa kulia. Kindizi kilikuwepo. Wakafungua. Utumbo ulikuwa umeingia ndani ya mwenzake kiasi cha shubiri, na rangi yake ilikuwa ya zambarau. Leodegar hakuuvuta. Aliushika kwa vidole viwili na gumba, akaanza kuusukuma taratibu kutoka mwisho kurudi mwanzo, akiubinya na kuulegeza.

Twalib alitazama kwa muda. "Dokta, na wewe unachua."

"Angalia mapigo."

Kipande cha mwisho kikatoka. Wakakifunika kwa kitambaa cha maji vuguvugu, wakangoja. Dakika ya saba rangi ikaanza kurudi, waridi, kidogo kidogo. Hapakuwa na haja ya kukata kitu. Ilikuwa saa tisa kasorobo, na Twalib hakusema lolote juu ya zamu yake.

Siku ya tano Yumna aliruhusiwa. Leodegar alimkuta Bi Thuraya wodini akimfunga mtoto kanga, akamweleza kwamba ugonjwa ule huweza kurudi, na kwamba kwa miezi mitatu tumbo lisichuliwe.

"Mitatu? Ukirudi utaujuaje?"

Leodegar alikohoa. "Usichue. Weka mkono tu, polepole, kidonda kikishapona. Ukikuta kitu, au pakiwa patupu, usingoje gari wala zahanati. Nipigie."

"Nikupigie wewe?"

"Mimi."

Bi Thuraya akamkabidhi simu yake. "Andika namba mwenyewe, sina miwani." Akaandika. Bibi akaichukua, akabonyeza, na mfuko wa koti la daktari ukaanza kulia. Wauguzi wakageuka.

"Mbona hupokei?"

"Bibi, nimesimama mbele yako."

"Naona. Pokea. Nataka nijue kama unapokeaga."

Dokta Leodegar akaitoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasema, "Haloo."