Mlango wa Bi Nadhima

Mwenyekiti wa tamasha letu la filamu, Msabah, anajua kupanga viti, basi. Mtu anayefunika ukumbi mzima kwa satini na kusahau kujaribu spika, huyo utamwambia nini? Lakini ndiye aliyemwalika Bi Nadhima, bibi wa Kiiraki wa miaka themanini na nne, mmoja wa waliotangulia kuongoza filamu Baghdad. Na mimi Badria, mwalimu wa Kiarabu wa Kikwajuni, nikapewa kipaza sauti, nishereheshe na nitafsiri.

Bi Nadhima alitengeneza filamu saba. Sita ziliungua vitani. Ya saba ilioneshwa mara moja tu, zamani hizo, na wanajeshi wakaingia wakaisimamisha pale mama wa kwenye filamu anapotaka kumfungulia mlango mwanawe. Hakuna hadhira iliyowahi kuuona mlango ule ukifunguka. Sasa macho yake yanaona vivuli tu, na kesho asubuhi anaondoka.

"Ngao sitaki, zawadi sitaki," aliniambia. "Nataka kuwasikia watu mlango ukifunguka."

Mgeni rasmi alitakiwa saa tisa. Tukamsubiri mpaka saa kumi, hayupo, filamu ikaanza. Watu kimya! Bi Mashavu, muuza urojo, asiyejua hata neno la Kiarabu, alikuwa analia, mtandio kaubana mdomoni. Nami nnalia. Mama yule akalishika komeo. Bi Nadhima akanikamata mkono.

Ndipo akaingia mheshimiwa, kachelewa saa mbili, walinzi mbele, walinzi nyuma, ananukia udi kama bwana harusi.

Msabah akaruka. "Simamisha, Badria! Waambie wasimame!"

Ningeweza kujifanya sisikii. Lo! Mimi mwenye ulimi wa kuwasema watu mji mzima, nikasema kwa sauti tamu kabisa: "Mabibi na mabwana, tusimame tumpokee mgeni wetu rasmi."

Taa zikawaka. Makofi. Ikasomwa dua, ikasomwa risala, kisha mheshimiwa akahutubia nusu saa na kumsifu "mwongozaji wetu kutoka Irani." Hakuna aliyemsahihisha. Msabah alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, hana haya hata kidogo.

"Iliyobaki tutaiona siku nyingine, inshaallah," akatangaza. "Karibuni sambusa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Waliopona siku ile ni wenye njaa. Ukumbi ukahamia kwenye meza.

Bi Nadhima hakuondoka kitini, na mkono wangu bado kaushika.

"Walioingia ni wanajeshi?" akaniuliza kwa Kiarabu, taratibu.

"Hapana, Bi. Ni mgeni rasmi."

"Na aliyeisimamisha filamu ni nani?"

Msabah alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, mdomo umejaa sambusa. Jina lake lilikuwa ulimini mwangu kabisa.

"Ni mimi," nikamwambia.

Akauachia mkono wangu.