Maji Hayaingii Chumba cha Mimea

Jirani yetu Mama Sikudhani anadai kuna dada wa usafi alisinzia mchana kwenye chumba cha mimea mikavu, kile kile ninachofanyia kazi, na alipoamka hakuweza tena kumeza maji. Wakimnywesha yanamtoka puani, mpaka akakauka, wakambandua kitandani kama jani. Anayasema hayo anacheka, tena mbele ya mama yangu aliyelala na kiharusi, halafu ananigeukia: haya Nakijwa, usije ukasinzia huko, nani atamnywesha huyu? Namnywesha mama kwa kijiko, naenda kazini. Kazi yenyewe ni kulaza karatasi zilizobandikwa mimea chini ya kamera, naweka kando kibao cha rangi cha kulinganishia rangi za picha, napiga, picha inapanda mtandaoni wataalamu wa mbali waisome. Maji hayaruhusiwi mle, hata chupa ndogo. Unyevu huleta ukungu.

Leo taa za kamera zinaniwakia usoni, nafumba macho kidogo tu, na karatasi iliyo mbele yangu inakuwa mlango, nainama, napita. Barabara ni nyeupe, haina mwisho, huku na huku makabati ya chuma marefu kama maghorofa, na kila nikitembea yanahama, ya nyuma yanakuwa mbele, na chini ni kioo, ndani yake mji mwingine umepinduka na mimi mwingine anatembea humo, hataki kuniangalia. Anakuja mtu wa koti jeupe na glavu, penye uso pana karatasi tupu. Namwamkia, shikamoo. Anasema, hapa hatupokei salamu, tunapokea vilivyokauka. Namuuliza, njia hii inakwenda wapi? Inafika kwa kila anayetazama, anasema, kwa anayegusa haifiki. Anacheka, karatasi ya uso inakunjamana. Kisha anavuta mlango wa kabati, na aliyelazwa humo juu ya karatasi ni mama. Wamemnyoosha, wamembana kwa vipande vya utepe wa gundi, mkono wake mmoja umegeuzwa kiganja juu, vile tunavyogeuza jani moja ili upande wa chini nao uonekane. Midomo inasogea. Nakijwa, mwanangu, nipe maji. Namgeukia yule mtu, maji yako wapi? Uliyaacha mlangoni, anasema, si ndiyo sheria yako? Mpige picha kwanza. Akishaonekana dunia nzima, kiu yake itakuwa ya wote. Namwambia, kiu ya wote nani ataikata? Ahaa, anasema, umeanza kusoma. Na chini ya kioo watu wamejaa, wanamtazama mama, wanamvuta kwa vidole awe mkubwa, wanaitana: hebu njoo uone midomo ilivyopasuka, safi kabisa, haijapata kuonekana hivi! Sogeza, sogeza! Hakuna hata mmoja mwenye kikombe. Nachukua kisu bapa nimbandue, polepole, nina subira mimi, lakini kidole chake kinakatika, kinatoa mlio wa kijiti. Yule mtu ananipa bahasha ndogo. Vilivyokatika vinaingia humo, anasema, hapa hatupotezi kitu. Na mkono wangu, umezoea huu mkono, unakitia kidole ndani, unaibandika bahasha pembeni, unaweka kibao cha rangi. Mama ananiangalia. Napiga.

Mwanga unapasuka, naamka, niko kwenye mkeka kando ya kitanda cha mama, na sijui nilirudi saa ngapi wala kama kazini nilikwenda. Dirishani Mama Sikudhani anacheka na mtu. Kikombe kipo pale kwenye kigoda, kijiko kimo ndani. Mama amenyoosha mkono, kiganja juu, vidole sivioni vizuri kwa huu mwanga ulio juu yangu, mweupe, labda ni jua. Nataka kuinuka. Kitu chembamba kimenibana mikono, kinavuta vinyweleo kama utepe wa gundi. Nakijwa, anasema mama, mwanangu, nipe maji.