Mbanda wa Mama Micheline

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama Micheline alikuwa akilitukana kamio la mume wake. Lilikuwa lori la pua ndefu, la enzi za Zaire, limelala kiwanjani kwao mtaani Mangobo juu ya magogo, bila gurudumu hata moja. Papa Hubert aliendesha kamio kama hilo ujana wake wote, akibeba mpunga kutoka Yanonge. Alipostaafu akanunua mzoga huu na kuapa kwamba ataufufua. Miaka ikapita. Mlango mmoja ukapakwa rangi ya buluu, ukapendeza mno; wa pili ungali unamsubiri Mungu. Motere, injini yenyewe, ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena, na kila ikifungwa kulibaki kijisehemu kimoja mkononi mwa mzee, akikitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Mbanda wangu ameamkaje?" huuliza Mama Micheline, maana mbanda ni mke-mwenza, na mke-mwenza hana salamu ya bure. "Yeye unamupaka mafuta mwili muzima. Mimi, hata ya kupikia unasahau!"

"Yeye hasemi sana," mzee hujibu kutoka chini ya tumbo la kamio, miguu tu ikionekana.

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Lakini mdomo ni mdomo. Siku moja, akisukwa nywele na jirani yake Safi, Mama Micheline akajitamba kwamba mbanda akitoka kiwanjani, yeye atapanda matembele mahali pake na kucheza dansi mpaka barabarani. Safi akacheka. Papa Hubert, chini ya kamio, hakucheka. Usiku, wakati wa kula, akasema kwa upole:

"Bibi yangu, nimesikia kilio yako. Gédéon, ule mufanyabiashara ya Bangboka, atakuja siku ya Mungu kuinunua. Utapanda matembele."

Mama Micheline akalikanda tonge lake upya. Alitaka kusema ulikuwa mchezo. Lakini mwanamke aliyetukana kitu miaka yote hiyo, mtaa mzima ukisikia, atageuza vipi ulimi kwa siku moja? Wangemcheka mpaka mvua zirudi. Akasema, "Ni muzuri," akameza uongo pamoja na tonge.

Kilichomtisha hasa ni Papa Émile wa ng'ambo ya barabara. Huyo alikuwa fundi wa motere za pirogi, mitumbwi ya mtoni. Watoto wake wakamwambia apumzike, wakauza vyombo vyake. Akapumzika. Wakamwekea kiti mlangoni, na siku hizi ukimsalimu anakuuliza wewe ni nani. Mama Micheline akamwona Hubert wake kwenye kiti kama hicho, mikono safi. Mikono safi! Hakuwahi kumjua Hubert wa namna hiyo, wala hakutaka kuanza kumzoea uzeeni.

Jumapili, siku ya Mungu, Gédéon akafika na batri ya kujaribia motere, kreti ya bia na jogoo, kwa kuwa alilelewa vizuri. Hakuwa mwizi hata kidogo. "Papa, kabla ya Noeli itarudi barabarani," alisema. "Utaisikia ikipita hapa." Hata sababu ya kumkasirikia hakuiacha.

Mama Micheline akaiona ile bia, akili ikaamka.

"Mwanangu, uko na bibi?"

"Iko, mama."

"Ulimubeba tu, kama muhogo?"

"Non, mama! Nilitoa mali. Wakamuita mbele ya batu, wakamuuliza mara tatu: hii pombe tuikunywe, ama tuache?"

"Bon. Na huyu wetu, iko kuku? Ni mutoto ya hii nyumba. Aulizwe. Akijibu, tutakunywa. Akinyamaza, unarudisha kreti yako."

Gédéon akacheka akijishika mbavu. "Atajibu ginsi gani?"

"Si umekuja na batri?"

Alijua anachokifanya. Motere ile haikuwahi kutoa sauti, hata kwa batri ya kuazima. Kimya chake ndicho kilichokuwa mtego. "Bibi, acha mambo," akasema Papa Hubert, lakini akafunga nyaya mwenyewe.

Gédéon akapanda, akashika ufunguo. Mama Micheline akanyoosha kilemba, akasimama mbele ya pua ya kamio kama shangazi wa bibi arusi.

"Wewe, mutoto ya Hubert! Mutu ya Bangboka ameleta pombe. Tukunywe?"

Tik.

"Kimya!" akatangaza. "Nakuuliza tena. Tukunywe?"

Tik, tik.

"Anakataa, munaona. Ya mwisho. Tuku—"

Motere ikaguna, ikatetemeka, ikakohoa, ikanguruma! Moshi mweusi ukazifunika nguo alizoanika. Kisha ikazimika.

"Amekubali, mama!" Gédéon akapiga kelele. "Fungua chupa!"

Mama Micheline akakishika kilemba kisianguke. Akamgeukia mume wake. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya kapo, kifuniko cha motere, uso mweusi kwa masizi, macho yamejaa maji, kama mtu ambaye mtoto wake bubu amemwita papa. "Mumesikia?" akanong'ona. Kisha akakumbuka kwamba ameshaiuza. Akautoa mkono polepole, akaufuta kwenye suruali.

"Bon. Amejibu. Gédéon, muchukue." Akaanza kutafuta mahali pa kuketi.

Hapo haya ikamtoka mama.

"Hachukuliwi! Na wewe Safi, unayechungulia hapo, sikia yote, usipunguze kitu. Hii kamio niliitukana, na kesho nitaitukana. Lakini matembele sitaki. Ninataka bwana yangu chini ya takataka yake, miguu inje, nikiamka nimukute."

"Lakini ulisema utacheza," mzee akasema.

"Nitacheza siku itatoka na wewe ndani, unaiendesha. Mujinga huyu!"

"Mama, mutoto alikubali," Gédéon akanung'unika.

"Yeye alikubali. Mama yake anakataa. Kwenu mama hana neno?"

Gédéon akakuna kichwa, akafungua chupa mwenyewe. "Hata mwenye kukataliwa anasikia kiu," akasema, akanywa. Papa Hubert akamsogelea kama mtoto mwenye ombi.

"Batri... utatuachia kidogo?"

"Mpaka juma lijalo, papa. Jogoo nayo mubaki nayo."

Mzee alikuwa ameshaingia chini. "Bibi, panda! Nikisema, geuza ufunguo!"

Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa mle ndani. Akapanda huku akilalamika magoti, akaushika usukani, akaziangalia nguo zake zilivyogeuka makaa.

"Hizi nguo utafua wewe!" akapaza sauti kwenye dirisha lisilo na kioo.

Kutoka chini mzee akajibu neno ambalo hakulisikia vizuri. Akageuza ufunguo hivyo hivyo.