Vumbi la Mzee Shurie

Kila asubuhi, Hani akishakunywa chai, mama yake Kaltun alilowesha kitambaa, akakikamua, akaifuta nyumba kuanzia juu: fremu za milango, kabati la vyombo, televisheni, madirisha, mwisho sakafu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemkataza kufagia kavukavu, kwa kuwa ufagio hulirusha vumbi hewani tu, likarudi kutua pale pale. Zulia Kaltun alimpa shangazi yake. Mapazia mazito aliyashusha. Magodoro aliyaanika juani na kuyapiga fimbo mbali na mlango. Hata hivyo Hani, msichana wa miaka sita, aliendelea kukohoa mpaka mbavu zikaonekana, na kila jioni nyumba ilikuwa na utando mwekundu upya. Malori ya mkandarasi yalipita karibu na ua wao, nje kidogo ya Griftu, yakibeba moramu, udongo mwekundu wa barabara mpya.

Jumanne moja, baada ya swala ya alasiri, Kaltun aliingia sebuleni akamkuta baba yake, Shurie, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Shurie alikuwa amefariki mwaka wa ule ukame mkubwa. Alikuwa mwekundu mwili mzima, kuanzia ndevu hadi kikoi, na chini ya magoti hakukuwa na kitu.

Maka, mjane wake, alitoka chumbani akikunja msala. Alimtazama.

"Umekonda," alisema.

"Niko nusu tu. Nusu nyingine iko chini ya vitanda na juu ya kabati."

"Wachimbaji wa moramu wamefika makaburini?"

"Wamefika. Mimi walianza na miguu."

Kaltun alikiangalia kitambaa alichoshika. Kwa miezi mingi alikuwa akikikamua kwenye ndoo na kumwaga maji nyuma ya choo.

"Aabo, kumbe nimekuwa nikikumwaga wewe," alisema.

"Mimi na majirani zangu. Usihuzunike. Yale maji yalikuwa baridi."

Chumba cha pili Hani alianza kukohoa. Mzee alisikiliza mpaka mtoto akanyamaza.

"Huyo ni mjukuu wangu?"

"Ndiye. Kifua kinambana. Ni vumbi," Maka alisema, kisha akainamisha macho.

"Basi ni mimi," Shurie alisema.

Akapiga mluzi mdogo, ule aliowaitia mbuzi wakati wa kuwanywesha. Vumbi likatoka chini ya vitanda, likashuka kwenye chandarua, likachomoka nyuma ya jokofu, likavuka sakafu kumfuata. Alipata miguu kwanza, kisha mashavu, kisha kitambi chake cha zamani. Alipokamilika alisimama, akatoka nje, akaketi upande ambao upepo haungemrudisha ndani. Kaltun alipitisha kitambaa juu ya kabati. Kilibaki cheupe.

Usiku ule Hani alilala moja kwa moja. Kaltun ndiye aliyeamka mara kwa mara kumwekea sikio kifuani, na kila mara alisikia pumzi inayoingia na kutoka bila kukwaruza. Alfajiri alilia kidogo jikoni, akakoroga unga wa mikate ya anjera.

Asubuhi Kaltun, Maka na Shurie walikwenda kwa msimamizi wa kazi ya barabara, Abdiwahid, kwenye kontena lake. Aliwakaribisha kwa soda.

"Hooyo, kwenye ramani hapa hakuna makaburi," alimwambia Maka. "Ni kichaka."

"Mume wangu yuko nje. Muulize alilala wapi."

Abdiwahid alichungulia. Shurie alimsalimu. Abdiwahid aliitikia salamu yote, kama inavyopasa.

"Pole sana, mzee," alisema. "Lakini ramani ni hiyo niliyopewa, na mvua zisitukute njiani."

Nje, tingatinga liliendelea kupakia.

Tangu siku hiyo Shurie hukaa nao. Ndani haingii ila alasiri, kuliita vumbi lililoletwa na malori. Anajua lipi ni nani. Hulibeba hadi ng'ambo ya mji, ambako wanaume wa mtaa wamezungushia miiba kiwanja kipya cha makaburi, na sheikh husoma dua.

Mwezi uliopita Hani alirudi duksi, ile madrasa aliyoiacha kwa kukosa pumzi. Juzi alisimama uani kumsomea babu yake sura aliyojifunza. Lori lilipita. Shurie aliinua mkono, wakangoja kelele ziishe.

"Endelea, awowe," mzee alimwambia mjukuu wake.

Hani aliimaliza aya ndefu kwa pumzi moja. Maka alicheka peke yake akipepeta mchele. Kisha mzee aliingia ndani, akatoka taratibu, mikono yake imejaa.

"Nani leo?" Kaltun aliuliza.

"Fatumo, mke wa Kadar. Na kile kichanga alichozikwa nacho."

Kaltun akamfungulia lango.